Mkono wa Mama Mkwe

Kolwezi, 4 Machi 2024

Mama mkwe mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na mgongo umetulia. Mimi si mzima, nawe unajua, maana Ijumaa ulipopita wadini kuwashika wagonjwa mikono uliniona kitandani, ukageukia mlangoni. Naandika kwa sababu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso.

Walinitoboa mfupa wa nyonga wavute uboho, waone kansa ya damu imefika wapi. Ganzi iliishia kwenye ngozi. Nililia hadi wadi nzima ikanyamaza. Mzee Kanyinda wa kitanda cha jirani anasema wewe ukimbonyeza mtu mkononi, kati ya kidole gumba na cha pili, maumivu ya sindano yanapungua sana. Alhamisi ya wiki ijayo wananitoboa tena. Naomba mkono wako, mama.

Mkweo,
Ntambwe

Kolwezi, 6 Machi 2024

Mkwe wangu Ntambwe,

Sijambo. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza baada ya miaka miwili.

Ni kweli, nilifundishwa kubonyeza, na nimewashika wengi, hadi wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi wanaojifanya hawalii. Wewe sikushiki. Mama mkwe hagusi mkwe wake, na hilo nilifunzwa vizuri nyumbani kwako Lubudi. Mwanangu Fifi, mkeo, alikuwa anakufa kwa kansa ya titi, nami nilisimama langoni siku tatu. Ulitoka na shati lililopigwa pasi, ukaniambia: "Mama, hauwezi kuingia mu nyumba ya mukwe." Nilimsikia mwanangu akilia ndani, vidole vyangu hivi vikiwa havina kazi. Nikaheshimu mila, mjinga mimi. Siku ya nne uliniita nizike.

Msaidizi wangu Agnès atakushika. Bado anajifunza, anabonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Utavumilia.

Mama mkwe wako,
Kabedi

Kolwezi, 9 Machi 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua hii ya kila siku. Nimesoma barua yako mara nne.

Dada yangu Henriette anakuletea mbuzi jike. Unajua desturi yetu: mbuzi akipokelewa, mkwe na mama mkwe wanaweza kuonana, kula pamoja, hata kushikana mikono. Mpokee, nakuomba. Ninaogopa Alhamisi kama mtoto.

Mkweo,
Ntambwe

Kolwezi, 10 Machi 2024

Mkwe wangu,

Mbuzi amefika salama na afya yake ni nzuri kuliko yetu sote. Nimemfunga uani. Sijasema nimempokea.

Kumbe siku zile langoni kilikosekana mbuzi tu! Mbona hukuniambia? Ningemnunua mwenyewe, nikakukabidhi kamba, ukanirudishia, nikaingia. Nimekasirika hadi Henriette ameogopa kumaliza chai yake.

Nataka kitu kimoja. Wewe ulikuwa ndani. Fifi alisema nini siku zile tatu? Usiniletee maneno ya mazishini, kwamba alilala kwa amani. Andika ukweli, nami nitajua la kufanya na mbuzi wako.

Mama mkwe wako,
Kabedi

Kolwezi, 12 Machi 2024

Mama,

Natumaini umeamka salama.

Alikuita. Mchana na usiku alikuwa anasema, "Mama eko wapi? Mumuite mama, anishike." Nilijua uko langoni. Niliogopa ungemchukua uje naye Kolwezi, watu waseme Ntambwe kashindwa kumtunza mke. Nilimwambia, "Mama yako anakatala kuya," kwamba hutaki kuja. Baada ya hapo hakukuita tena. Aligeukia ukutani.

Sijamwambia mtu yeyote. Sasa nimekwambia wewe. Kesho kutwa ni Alhamisi. Nisaidie.

Mwanao,
Ntambwe

Kolwezi, 13 Machi 2024

Ntambwe,

Mbuzi wako amerudi kwa Henriette. Wewe si mwanangu. Mwanangu alikuwa mmoja, na alikufa akiamini kwamba nimemkataa.

Nilikuwa nimeshaanza kulainika, ujue. Jumapili nilikata kucha ili nisikuumize.

Agnès nimempa zamu nyingine. Kesho nitakuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu kutoka kwako, namshika mkono Mama Mushiya naye anapochomwa sindano yake. Nitakusikia vizuri. Ukiniita, watakuambia nimekataa kuja, na wewe hutakuwa umedanganywa.

Mama yake Fifi