Amina kwa Ng'ombe

Jumapili jioni

Watu saba wamejibu "Amina" na hakuna aliyefungua linki. Nilituma kwa grupu ya familia kisa kitamu kuliko vyote nilivyosoma mtandaoni wiki hii, cha ng'ombe anayefungua geti kwa ulimi. Wakadhani ni maombi. Tangu tumzike Mama, huko ni maombi tu.

Niliudhika kidogo, nikaendelea kufua.

Baadaye Baba akapiga simu kutoka Tetu.

"Nimefunga geti yetu na waya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namsomea ng'ombe wetu hiyo hadithi yako nikimkamua. Alisikiliza sana, ati mpaka akaacha kula."

Akacheka.

Tangu mazishi nimekuwa nikijiuliza jioni anaongea na nani. Sasa najua.