Moto wa Ngoma kwenye Raba Mpya

Taghreed, uko wapi? Nimempasua Muatasim kichwa. Mchumba wangu, kwa mkono wangu huu huu!

Si unaujua uwanja wetu mkongwe wa michezo hapa mjini Ibra anaoukarabati yeye? Jana wametandika njia mpya ya kukimbilia, ya raba. Leo vikundi vya ngoma vikaja kujizoezea mashindano, na baba akafanya anavyofanya miaka yote: kawasha makuti apashe ngoma, ngozi ikaze. Juu ya raba, shoga! Juu ya raba!

Raba ikachemka kama halua. Muatasim kaja mbio, wala hakutafuta maji. Kaipiga teke ngoma. Ngoma ya marehemu babu, iliyotoka Unguja! Ngozi ikapasuka. Baba akamkamata kanzu, yeye akamsukuma, mkono wa baba ukaingia motoni.

"Mzee mshenzi wewe!"

Baba yangu. Mshenzi.

Wallahi sikumbuki nimeiokota vipi fimbo ya ngoma. Nakumbuka mlio wa kichwa chake. Kaanguka, wapiga ngoma wakamrukia, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele: "Mpigeni! Mpigeni!"

Sasa tupo hospitali. Baba kafungwa bendeji, Muatasim anashonwa, kati yao pazia tu. Mama yake Muatasim kaingia sasa hivi, kanikumbatia, analia: "Mwanangu, nani kamfanya hivi?"

Fimbo ninayo ndani ya abaya.

Kabla sijafungua mdomo, baba kajibu nyuma ya pazia: "Mimi."

Polisi wako mlangoni, Taghreed. Nami nimenyamaza.