Kanda Ina Jina, Mtoto Hana

Kwako Karisa, baba wa mtoto wangu,

Hujambo huko Nairobi na baridi yake? Sisi huku mtaani Ziwa la Ng'ombe tu wazima, na mtoto ameota meno mawili ya chini. Nimeanza na meno kwa sababu kwenye meseji yako hukuyauliza. Uliuliza kanda. "Sidi, ile kanda yetu ya kwanza, ile yenyewe bendi tuliyorekodia, bado iko kwenye mkebe wa biskuti? Itume na basi la kesho, kuna watu ng'ambo wanataka kuitoa upya." Niliisoma mara mbili nikitafuta kama neno mtoto limejificha mahali. Halikuwamo.

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe hunikata maneno. Mimi niliishia darasa la saba, wajua, kwa hivyo mwandiko uvumilie. Na sikuitia kwenye bahasha. Wenzako wa bendi wakitaka kuisoma waisome, na hao wa ng'ambo wakipata wa kuwasomea, pia sawa.

Nina wivu, Karisa. Wanawake wengine humwonea wivu mwanamke mwenzao, wakamfuata hata sokoni wakamwambia la kumwambia. Mke mwenzangu mimi ni kanda. Nitamvuta nani nywele?

Unakumbuka mlivyoirekodi? Kilikuwa chumba chetu hiki hiki. Godoro tuliliegemeza mlangoni kuziba sauti, wewe ukakaa kwenye ngoma pale penye jiko, Juma na gitaa lake akakaa juu ya ndoo, na yule mrefu wa kuimba, mliyemwita Popo, akasimama uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nilikuuliza mbona hamwendi studio ya mjini, yenye kompyuta. Ukanieleza kwa upole, kama mtu anayefundisha dini, kwamba metali nyeusi ya kweli, huo muziki wenu wa magitaa na ukelele, hutengenezwa kama walivyoitengeneza wa kwanza: kwa kanda, haraka haraka, na makosa yabaki. Sauti ikisafishwa sana, ulisema, imekufa. Muziki wenyewe sikuuelewa, kwangu ulikuwa kama mabati yanang'olewa na upepo. Lakini nilikupenda sana siku ile, kukuona unaamini kitu namna hiyo.

Popo alipoanza kupiga ukelele wake, jirani yetu Mama Shufaa alikuja kubisha. Aliniambia pole pole, asiaibishe nyumba ya mtu, "Sidi mwanangu, huyo mgonjwa wenu mumpeleke. Kuna mzee mmoja Kisauni, wallahi mkono wake mwepesi." Popo akatoka mwenyewe na uso wake mweupe, macho yamezungushiwa weusi mpaka mashavuni, akainama kwa adabu: shikamoo mama. Mama Shufaa aliitikia marahaba kwanza, ndipo akakimbia. Tulicheka hata ikabidi nikae chini na tumbo langu.

Zile nyuso nilizipaka mimi. Masizi ya chini ya sufuria niliyakoroga na mafuta ya nazi. Weupe ulitoka kwenye poda ya mtoto, ile niliyoinunua Kongowea nikitoka kuchambua nyanya, nina mimba ya miezi minane. Mliimaliza yote. Ukasema utamnunulia nyingine. Nilikushika kidevu, ukafumba macho, nikakupaka taratibu kuanzia kwenye kipaji cha uso. Hujawahi kutulia mikononi mwangu kama ulivyotulia siku ile, wala kabla wala baadaye. Kwa hivyo ile picha ya jalada inayosifiwa huko mliko, ni kazi ya vidole vyangu.

Jalada lilipotoka nilizisoma herufi ndogo za shukrani, neno moja moja. Mmemshukuru binamu yake Popo kwa kuwapa kinasa sauti. Mmemshukuru jirani aliyewaunganishia stima. Mmemshukuru mpaka mbuzi wa landilodi, aliyelia nje katikati ya wimbo, mkaona kilio chake kimefaa. Mbuzi, Karisa. Mimi simo.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni jina.

Kwenu jina la mtoto wa kwanza hutoka upande wa baba, na baba mwenyewe ndiye hulitamka. Ulinilalia tumboni ukaniambia akiwa msichana ataitwa Mbodze, jina la nyanya yako aliyekulea. Nililizoea. Nikiosha vyombo namwita, Mbodze tulia, Mbodze leo umenipiga mbavu. Halafu, wiki tatu kabla sijajifungua, ukaingia na boksi la nakala za kanda. Jalada lilikuwa na herufi zenye miiba kama mizizi ya mti, nikaligeuza huku na huku nisijue juu wala chini. Ukanisomea kwa fahari. Mbodze. Ukasema, "Huyu ndiye kifungua mimba wangu."

Nilicheka nikidhani ni mzaha.

Mama yako alivuka feri kutoka Likoni kuja kumwona mjukuu, na kuku wake kwapani. Aliuliza jina la mtoto, na kabla sijajibu akaiona kanda juu ya kabati, ukalazimika kumwambia imeandikwa nini. Alimweka kuku chini. Kisha akasema, "Jina umeshaipa kanda. Huyu utampa nini, makombo? Utakapojua mtoto ni yupi, utalitamka." Ulitazama kucha zako. Ukasema tusubiri kidogo. Mwezi uliofuata mkaenda Nairobi kutafuta jukwaa na kibarua, na leo ni mwezi wa saba tunasubiri. Kadi ya kliniki imeandikwa Mtoto wa Sidi. Nesi akiita Mtoto, akina mama wote kwenye benchi tunainuka.

Sasa nikwambie nilichofanya ilipokuja meseji yako, usije ukakisikia kwa mwingine. Nilifungua mkebe nikaitoa kanda. Nikatia kidole nikavuta ule utepe wake. Ulitoka laini, unameta, kama urefu wa mkono wangu. Nilitaka kuuvuta wote niwape watoto wa uani wafungie tiara. Mtoto alikuwa analia meno tangu asubuhi, nami nikamwambia ngoja, mama anamaliza kazi.

Halafu nikajiuliza: tangu mtoe hii kanda sijawahi kuisikiliza, kwa kisirani tu. Mke mwenzangu namuua hata sijasikia sauti yake?

Nikaenda kwa Mama Shufaa kuazima redio yake ya kaseti. Alinipa na betri, akaniuliza kama ni ya yule mgonjwa. Utepe niliurudisha kwa kalamu, polepole, na kanda nikairudisha nyuma kidogo, ikaangukia katikati ya wimbo. Nikafungua sauti. Mabati yakang'oka. Na mtoto akanyamaza, Karisa. Aligeuza kichwa akatafuta ile ngoma yako, akaanza kurusharusha mguu kama alivyokuwa akinipiga tumboni mlipokuwa mkirekodi. Kufika mwisho wa wimbo amelala, mdomo wazi kama wako. Nilisimama pale na wivu wangu umezidi maradufu. Miezi saba nambembeleza mimi, na anayemlaza ni wewe usiyekuwepo.

Niliirudisha kanda mwanzo kabisa ili aendelee kulala. Kabla ya wimbo wa kwanza kuna uvumi, vuuu, kama upepo. Kisha sauti yako: "Sidi, zima feni." Zikafuata kandambili zangu zikiburuta, swichi ikalia, halafu mtu akasema kwa sauti ndogo, "Nimezima." Wewe ukahesabu, moja, mbili, tatu.

Ni mimi. Nilikumbuka lile joto lote, nimekaa ukingoni mwa kitanda na tumbo langu, jasho nalifuta kwa leso, kikohozi nimekizuia mpaka machozi yanatoka ili nisiwaharibie. Nililirudia lile neno mara nyingi, hata Mama Shufaa akachungulia dirishani akaniuliza kama huyo ni mimi. Nikamwambia ndimi. Akaniomba jalada, akalisoma, akauliza mbona basi hawakuniandika, nami nikairudisha kanda nyuma tena.

Kesho yake ikaja meseji yako ya pili. Mbona sijatuma, watu wanangoja, wanataka kuisafisha, watatoa kelele zote za mwanzo: feni, milango, watu kuongea.

Watu kuongea, Karisa, ndio mimi. Na wewe ndiye uliyenifundisha makosa yabaki.

Basi sikilizeni, wewe na wao. Kanda siitumi na basi. Sijaificha wala sijaiharibu, imo kwenye mkebe wake, pakavu. Njoo uichukue. Juu yake nimeweka kadi ya kliniki, kwa hivyo ukifungua utaanza na hiyo. Uje na kalamu. Mama yako nilimwendea Likoni nikamuuliza kama Mbodze bado laweza kuwa la mtoto, akasema watu kuwa somo si ajabu, kanda na binti waitwe jina moja, mradi baba alitamke kwa mdomo wake mbele ya mtoto. Mimi nimekubali. Ila wakikata neno langu, uchague jina jingine, kwa maana binti yangu hatakuwa somo wa kanda iliyomfuta mama yake.

Najua utakuja. Poda nimenunua nyingine, na masizi hayajawahi kukosekana katika nyumba hii. Siku utakapompakata na kufungua mdomo, feni nitaizima mwenyewe, bila kuambiwa, tulisikie jina vizuri.

Akungojaye bado,
Mama wa Mtoto