Ndevu za Ngano Kwenye Nepi

Mama, shikamoo.

Nimengoja kidogo hapa, kama ulivyotufundisha, kwamba mtoto hasemi neno la pili kabla mkubwa hajaitikia la kwanza. Nimengoja hadi wino umekauka kwenye kalamu. Basi acha niendelee, utanisamehe.

Nakuandikia nikiwa kambini, kwenye nyumba ileile ya shamba la ngano, chumba na sebule. Mvua za masika zimeshika na barabara imefungwa. Tope jeusi la huku Hanang unalijua kwa kusikia tu. Trekta lenyewe linazama, sembuse mimi na mtoto mgongoni. Ukisimama mlangoni unaona ngano mbichi mpaka macho yanachoka, hakuna ua wala geti, na bado hakuna pa kwenda. Mkweo Yohana anatoka na wenzake kabla sijawasha jiko. Mimi nashinda na mtoto, nepi, na hili jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Mtoto anatambaa sasa. Ana meno mawili ya chini. Ana paji lako, lile pana, na akikasirika analikunja vilevile kama wewe ukiona ng'ombe wameingia shambani. Bado hana jina. Tunamwita Mtoto.

Unakumbuka nilivyokusihi kwenye barua utume jina, tumbatize huku kambini. Ukamwandikisha Dada Paskalina jibu la mstari mmoja: "Simpi jina mtu ambaye sijamwona uso." Nilicheka nikamsomea Yohana. Pamoja na barua hiyo ulituma nepi kumi ulizoshona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, pindo zake zimenyooka ingawa macho yako yalikuwa yameshaanza kukusumbua. Na agizo lako lilikuwemo: nguo ya mtoto isianikwe chini, hata kama nyasi ni safi. Kwa sababu ya siafu, ulisema.

Halafu ikaja barua ya pili ya Dada. Mama hali, Mama hainuki, njoo na mtoto upesi, anamngoja.

Ilikuwa mavuno. Yohana alikuwa kwenye kombaini na hakuna dereva aliyeruhusiwa kuondoka. Akanitafutia nafasi kwenye lori la magunia la Mzee Hamisi wa Katesh, ambaye alikuwa anapanda hadi Dongobesh, jirani na kwetu Nambis. Nikafunga nepi zako kumi, pini nne, na debe la kuwekea zilizochafuka. Nilijiona nimejipanga. Jumatatu hiyo nilihesabu kwamba Jumanne utakuwa umempakata.

Hatukwenda mbali. Springi ilikatika tukiwa bado katikati ya mashamba, mahali ambapo ngano ilikuwa imeshavunwa yamebaki mabua na makapi. Mzee Hamisi alimtuma utingo wake na trekta lililopita kutafuta springi nyingine, na sisi tukakaa. Siku mbili, Mama. Upepo wa kipupwe unakata masikio, na hapana mti, hapana kichaka, hapana hata kigingi. Kufikia asubuhi ya pili nepi zote kumi zilikuwa zimelowa. Boza la maji la wavunaji likapita, nikaomba ndoo moja, nikafua zote. Sasa nianike wapi? Kwenye lori kulikuwa na vumbi na grisi. Nikatazama yale mabua, makavu, ya rangi nzuri, yanang'aa juani. Nikainama nikakagua ardhi kweli kweli, nikitafuta siafu. Hakuna hata mmoja. Nikajisemea, Mama aliogopa siafu tu, na hapa siafu hawapo. Nikazitandaza nepi zako juu ya mabua nikaziwekea mabonge ya udongo zisipeperuke. Zilikauka upesi ajabu. Nilijisifu.

Jumatano tukaondoka. Nilikuwa nimembadilisha mtoto, na hatujafika mbali akaanza kulia. Si kilio cha njaa, nakijua. Alikuwa anajipinda, anakakamaa, anapiga mayowe hadi sauti inakatika. Nilimpa ziwa akakataa. Tulipofika Katesh Mzee Hamisi alizima gari, akaniangalia kwa huruma. "Mama, huyu mtoto mgonjwa. Usimpandishe mlimani kwenye baridi hivi. Mpeleke zahanati, mimi siwezi kukungoja, mzigo unatakiwa leo." Nikashuka. Ningefanya nini? Nikasimama na debe langu nikiangalia lori likichukua barabara ya Mogitu, ya kuja kwako.

Zahanati wakamvua, akanyamaza. Wakampima, hana homa. Wakaona vidoa vyekundu kwenye makalio, wakasema ni mkojo, wakampaka poda. Muuguzi akaandika kadi akauliza jina, nikasema hana, akaandika "Mtoto wa Yohana". Akasema tubaki hadi kesho wamwangalie. Nikamfunga nepi nyingine kutoka kwenye furushi, kilio kikaanza upya. Alhamisi yote ikawa hivyo. Akivuliwa ananyamaza, nikimvalisha analia, na mimi, mwanao niliyesoma mpaka darasa la saba, sikuliona. Nilidhani anasinzia kwa kuchoka. Nilikaa kwenye lile benchi nikihesabu malori yanayopita kwenda upande wako.

Ijumaa asubuhi nilikuwa bombani nafua. Kitu kikanichoma dole gumba. Nikakivuta, hakitoki, kinazidi kuingia. Ilikuwa ndevu ya suke la ngano, nyembamba kama unywele, yenye vijino vinavyoelekea upande mmoja tu. Nikaigeuza nepi kwenye mwanga. Zilikuwa nyingi, zimejisokota ndani ya marekani yako. Nikachukua nepi ya pili, na ya tatu. Nililia pale bombani hadi mwanamke mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana. Sikujua kwamba nilikuwa nimefiwa tangu jana yake.

Nilimfunga mtoto kwa kipande cha khanga yangu, akalala njia nzima. Jumamosi nikafika Nambis nikakuta mabenchi uani na udongo mbichi nyuma ya nyumba.

Dada alinipokea mlangoni. Aliniambia kila gari liliponguruma kwenye kilima uliuliza, "Ndio wao?" Uliuliza hata Alhamisi asubuhi. Uliondoka Alhamisi alasiri. Lori la Mzee Hamisi lilifika Dongobesh Jumatano jioni, Mama. Ningekukuta.

Walinizunguka wote. "Mtoto alikuwa mgonjwa, ungefanyaje?" Na mimi nikaitikia, ndiyo, alikuwa mgonjwa. Neno lilinitoka mara moja tu na tangu hapo limenifungia ndani. Akina mama wa jumuiya walimwombea apone, mtoto mzima kabisa, ananyonya kama ndama. Baba alishukuru kwa sauti kwamba Mungu amemchukua mmoja akamwacha mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada akasema basi tumpe mtoto jina leo, Baba yupo, wazee wapo. Nikakataa. Wakadhani ni uchungu. Haikuwa uchungu peke yake. Niliona aibu binti yangu apokee jina juu ya uongo wangu, mita chache kutoka ulipolala.

Yohana naye hajui. Huwa ananiuliza kwa nini nakagua kila nepi kwa kiganja, mbele na nyuma, kabla ya kumvalisha mtoto. Namwambia ni mazoea.

Nina hasira na wewe kidogo, niseme ukweli. Ungesema tu isianikwe chini, basi, usitaje siafu, ningetii. Ulinipa sababu nikaibishia. Halafu hasira inaisha, nakumbuka ulivyokuwa unatunga uzi kwa kuuelekeza dirishani, jicho moja umelifumba, na nabaki nakutamani tu.

Ile ndevu iliyonichoma ninayo, kwenye kiberiti kitupu. Barabara ikikauka nakuja kwenye misa yako ya mwaka. Nakuahidi hili, Mama: kabla sijakaa, kabla sijanywa hata chai, nitamsalimu Baba na kukifungua kiberiti mbele yake na mbele ya Dada. Nitawaambia hakuwa mgonjwa. Wakinifukuza, wanifukuze. Wasiponifukuza, nitamweka mtoto mapajani mwa Baba, amwangalie uso, ampe jina.

Nepi zako zimebaki saba. Leo zimeanikwa ndani, kwenye kamba, juu ya kichwa changu, na zinanidondokea kwenye karatasi hii. Lala, Mama. Mtoto ameamka, ananiita, na mimi bado sina jina la kumwitikia.

Mwanao,
Elizabeti