Kiu ya Kaka Festo

Kaka yangu Festo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki wodini, mchana kweupe, na barua hii sitaikunja. Naiacha wazi. Nataka aisome kila aliyepita pale Mfaranyaki Jumamosi ile, akakuona umelala kwenye baraza la duka la watu, akatikisa kichwa na kwenda zake.

Unakumbuka ulivyoacha pombe. Hukutangaza, wala hukula kiapo mbele ya padri. Ulirudi tu kutoka kilabuni jioni moja ukiwa na akili zako, ukamwambia wifi Oliva, "Basi. Nimechoka kuogopwa na mwanangu." Neema wako alikuwa akisikia sauti yako mlangoni anaingia chini ya meza. Wifi alikuwa ameshasikia mengi. Lakini wiki zikapita, miezi ikapita, na wewe fundi uliyejulikana mtaa mzima kwa ukuta mzuri na mdomo mchafu, ukawa unarudi nyumbani mapema, shati limefungwa vifungo vyote, unauliza mtoto amesoma nini.

Kilichokusumbua ni mikono. Ulisema ikifika jioni mikono inatafuta kitu cha kushika. Ndipo ukanunua blenda.

Kaka, mimi sijaona mwanaume anayemenya nanasi kama wewe. Ulikuwa unalizungusha polepole, unafuata yale macho yake mstari kwa mstari kwa ncha ya kisu, kama unavyofuata kamba ya ukuta. Embe ulitaka lile lililoiva mpaka linanukia ukiwa mlango wa pili. Nazi na korosho alikuletea Mzee Saidi, yule mfanyabiashara wa Tunduru anayelala jirani yetu akija mjini. Korosho ulizilowesha tangu Jumamosi zikalainika. Jumapili tukitoka misa, mimi nakuna nazi, Neema anashika chujio, wewe unakamua tui la kwanza zito, unamimina, unatia kipande cha tangawizi, halafu sukari. Sukari uliipima kwa mkono. Blenda ikianza kuunguruma Mama anaziba masikio na kusema nyumba itaanguka.

Juisi ikatoka nzito, ya rangi ya manjano iliyopauka, na povu juu. Mzee Saidi, ambaye zamani hakuweza kukaa nyumbani kwako kwa sababu ya madumu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, sasa alivua kofia, akasema bismillahi na kunywa bilauri nzima bila kupumua. "Alhamdulillahi," alisema. "Fundi, hiki ni kinywaji cha wenye heri." Ukatabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Siku zile nilidhani tumeokoka. Nilidhani jambo baya la nyumba yetu limeshapita na limetuacha tukiwa hai.

Sijui kiu ilianza lini hasa. Ninachokumbuka ni kwamba jagi lililokuwa la watu wote likawa lako peke yako, na la wageni likatengenezwa jingine. Halafu haikuwa tena Jumapili tu. Ukawa unasaga matunda kila ukitoka kazini, unabeba chupa kwenda nayo saiti, na ikiisha unakunywa maji ya kuchanganyia saruji. Mwenzako mmoja alituambia hivyo huku akicheka. Suruali ikaanza kukuvuka. Ukatoboa mkanda kwa msumari, ukatoboa tena. Watu wakakupongeza. "Pombe inakutoka mwilini," walisema. "Subiri, utanenepa." Hata Mama alifurahi kuona uso wako umechongoka kama ulivyokuwa ujanani.

Na wale sisimizi, kaka. Pale nyuma, kwenye mgomba ulipokuwa unajisaidia haja ndogo choo kikiwa na mtu, sisimizi walijaa. Walitoka ukutani kwa mstari, wakazunguka shina, wakatulia pale pale kama wamewekewa chakula. Mama akamwaga majivu. Kesho yake wakarudi wengi zaidi. "Wanatafuta nini hawa?" aliuliza. Wewe ukacheka, ukasema wamesikia sifa za juisi yako. Mimi sikucheka, na sikujua kwa nini. Nilisimama nikiwaangalia mpaka Mama akaniita ndani.

Baada ya hapo ikaja harufu.

Wifi ndiye aliyeisikia kwanza. Ulikuwa umeingia kutoka kazini ukashika fremu ya mlango, macho yako mazito, ukauliza taa mbona ina ukungu. Akakusogelea, akarudi nyuma kama amepigwa.

"Umekunywa."

"Sijanywa, Oliva."

"Festo, unanuka. Unayumba. Mimi ni mke wako, unanidanganya nini?"

"Nakuapia kwa Mungu, sijagusa."

"Usimtaje Mungu humu ndani," alisema, akamshika Neema mkono, wakaingia chumbani, akafunga kwa komeo.

Simlaumu wifi, na wewe najua humlaumu. Alikuwa ameishi na kiapo hicho miaka mingi. Lakini habari ilitoka mlangoni ikaenda sokoni, ikaenda jumuiya, ikafika saiti, na tajiri wako akakutafutia mtu mwingine wa kumalizia nyumba yake. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Mtu akishaitwa mlevi, kila kinachompata ni pombe. Akianguka ni pombe, akinyamaza ni pombe.

Ulikuja kwangu saluni mchana, wateja wapo, ukakaa kwenye kile kigoda cha pembeni. Midomo yako ilikuwa imepasuka. Ukaomba maji, ukanywa, ukaomba tena. Wateja wakaangaliana.

"Mdogo wangu," ukasema kwa sauti ya chini, "na wewe unaamini nimerudia?"

Nilikuinamia. Ulanzi naujua, umetulea. Una uchachu wake unaopanda puani. Harufu yako haikuwa hiyo. Ilikuwa kama ile dawa tunayofutia rangi ya kucha, imechanganywa na tunda lililoiva kupita kiasi. Mtu hanywi kitu kinachonuka hivyo.

"Nakuamini," nilikuambia. "Lakini kuna kitu ndani yako, kaka. Twende hospitali."

"Watasema wamenipima pombe."

"Waache waseme."

"Jumatatu," ukasema. "Jumamosi nimalizie ukuta wa stoo anayojenga Mzee Saidi hapa mjini, Jumatatu twende wote." Ukasimama, ukashika ukuta, ukatoka ukitembea polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi. Yale mawigi yaliyoning'inia dirishani yalikugusa bega ukayapisha kwa heshima, kana kwamba ni watu.

Jumatatu haikufika.

Mpita njia mmoja alimwambia Mama kwamba mwanawe kalala barazani tangu asubuhi. Alisema "kalala". Wenye duka walikuwa wamekufunika uso kwa kofia yako ili jua lisikupige, na hiyo ndiyo huruma uliyopewa siku ile. Watu walipita kwenda sokoni, wakapita kurudi. Mwingine, nimesikia, aliwaambia watoto wake waangalie vizuri ili wasome.

Nilipofika nilitoa kofia. Ulikuwa unapumua kwa nguvu, kwa kina, kifua kizima kinapanda na kushuka, kama mtu aliyepanda mlima wa Matogoro na gunia la mahindi kichwani. Nilikuita hukuitika. Nikapiga kelele mpaka bajaji ikasimama. Wifi alikuwa amekuja mbio na khanga moja, amesimama mbali kidogo.

"Akiamka atatutukana," alisema. "Mwache alale, ndivyo anavyokuwa."

"Haamki, wifi," nilimwambia. "Njoo umguse."

Akaja. Akakushika mkono. Nikaona uso wake ukibadilika, akaingia kwenye bajaji, akakilaza kichwa chako kwenye mapaja yake.

Hospitali nesi alikusogelea usoni mara moja tu akanyoosha mgongo. Nikajua atasema nini, nikatangulia: "Hajanywa, dada. Nakuapia hajanywa." Akaniangalia, akasema, "Najua. Hii siyo pombe." Akakutoboa kidole. Kile kimashine hakikutoa hata namba. Kilisema tu kwamba imepita kiasi cha kupimika.

Sukari, kaka. Ile kiu, ule wembamba uliosifiwa, ule ukungu kwenye taa, sisimizi wa Mama. Mwili wako ulikuwa unajichoma wenyewe ili uishi, na moshi wake ndio tuliousikia tukauita pombe. Daktari alinieleza taratibu, kijana mpole, macho yamechoka. Nilimuuliza kuhusu juisi. Alisema siyo iliyoleta ugonjwa, ugonjwa ulikuwepo. Lakini kila jagi lilikuwa linauchochea moto. Wifi aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye kona. Alikuja akakaa kitandani, akaishika miguu yako.

Walikutundikia maji, wakakuchoma sindano, walifanya kila walichoweza. Kesho yake, kengele za kanisa zikilia, mkono wako niliokuwa nimeushika ukawa mzito.

Tulikuzika kwa heshima yako yote, kaka. Nataka ujue hilo. Kabla jeneza halijafukiwa, wifi Oliva aliomba kusema. Wanaume wakataka kumzuia, Mzee Saidi akasema mwacheni mama watoto aseme. Akasimama pale, khanga imemfunga kiuno, akasema, "Mume wangu aliacha pombe na hakuirudia. Mimi niliyelala naye ndiye niliyemwita mwongo. Alikuwa mgonjwa. Anayetaka kumwita mlevi aniite mimi kwanza."  Makoleo yakaanza kufukia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa habari. Lakini siku za matanga, tumekaa kwenye mkeka, nilimweleza Mama swali alilouliza daktari: kama kwenye ukoo wetu kuna mwenye sukari. Mama akasema hapana. Akaendelea kuchambua mchele. Halafu mikono yake ikasimama.

"Baba yenu," alisema, "miezi yake ya mwisho alikuwa anamaliza mtungi."

Nilisogea karibu naye.

"Akakonda. Akanuka. Nikajua ni gongo." Aliuangalia ule mchele kana kwamba hajui ni nini. "Na baba yake mkubwa, yule wa Namtumbo, walisema alikufa kilabuni. Walimkuta amelala."

Festo, tangu siku hiyo silali vizuri. Nakaa nahesabu makaburi ya kwetu, yale tuliyopita tukiwa wadogo tukiambiwa huyu alikunywa, yule alikunywa. Walikunywa kweli, sikatai. Lakini wangapi walikuwa na kiu tu? Kitu hiki kimetembea katika nyumba yetu kimevaa nguo za ulevi, tumekipisha mlangoni, tumekizika mara kwa mara bila kukijua jina. Na hakikuzikwa na wewe. Mimi nilipimwa mwezi ule ule, nikakutwa na sukari. Nina vidonge vyangu, navimeza kila siku, naogopa kila siku.

Sasa nikwambie kilichonileta kwenye kiti hiki.

Juzi mwalimu wa darasa alimwita wifi. Alisema Neema anaomba ruhusa ya kutoka kila kipindi, wenzake wameanza kumcheka. Wifi akanipigia simu. Nilifika nikamkuta mtoto amekaa mlangoni na kikombe. Sare imemning'inia mabegani. Niliinama kumbusu, nikaisikia ile harufu. Ndogo, kwa mbali. Mtu mwingine angesema mtoto ametoka kula tunda.

Sikusubiri Jumatatu. Sikusubiri hata wifi avae viatu. Nilimbeba, na mrefu vile alivyo, miguu yake ikigonga magoti yangu, mpaka barabarani. Ndani ya bajaji alianza kusinzia, nikawa namsemesha kwa nguvu, namuuliza majina ya mito, namuuliza meza ya saba. Alikuwa anakosea. Wifi pembeni yangu, miguu mitupu, alisali bila kutoa sauti.

Walimtoboa kidole. Namba ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa namba. Daktari alisema, "Mmewahi." Alitamka neno hilo moja tu, wifi akapiga ishara ya msalaba.

Atachomwa sindano maisha yake yote, kaka. Sitakuficha. Usiku uliopita ulikuwa mgumu, na daktari anasema mbele kuna siku nyingine ngumu. Tutamlinda kama moto kwenye upepo. Lakini asubuhi hii amefumbua macho, amemtambua mama yake, amelalamika uji hauna ladha. Halafu akanigeukia.

"Shangazi, na baba alikuwa hivi hivi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona walisema amelewa?"

Nilisogeza kiti karibu na kitanda. Nikamwambia ukweli: "Kwa sababu hatukumuuliza."

Akafikiri. Akasema, "Mimi mliniuliza," akalala tena.

Pumzika, kaka. Nesi amekuja na sindano ya mchana, na wifi anataka kujifunza kuichoma mwenyewe. Ni mara yake ya kwanza, nakwenda kumshikia mkono.

Mimi mdogo wako, tuliyeachiana ziwa,
shangazi yake Neema.