Mfongo wa Babu Umeandikwa Marehemu

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Anaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyonga ya mama imetulia kiasi cha kumfikisha jikoni bila kushika ukuta. Ng'ombe amezaa? Na ile migomba ya upande wa kaburi la baba, imesimama au upepo umeilaza? Mimi sijambo, ila nina hasira, na nimeibeba siku kumi na moja sasa, kwa hiyo usitegemee barua tamu. Soma peke yako kwanza, kabla hujamsomea mama.

Nilikwambia kazi tunayochapa hapa ofisini ni mkakati wa taifa wa maji, yaani maandishi ya kueleza nchi hii itapata wapi maji miaka ishirini na mitano ijayo. Nilijivunia, sikufichi. Nilidhani nchi ikitaka kupanga jambo kama hilo inawakusanya watu wenye akili na kuwafungia mlango. Basi nimewaona wenye akili wenyewe.

Walituhamishia hoteli moja ya ufukweni wiki nzima, kwa sababu ofisini, walisema, hakuna utulivu wa kufikiri. Siku ya kwanza, hata chai ya saa nne haijaletwa, mabomba ya hoteli yakakauka. Watu waliokuja kupanga maji ya wajukuu zetu wakawa wanaingia chooni na ndoo, wanatoka wakinyoosha tai, wanarudi mezani kuzungumzia uhaba. Tuliocheka ni mimi na dereva tu. Mbele ya kila mmoja ilikuwepo chupa ya maji ya dukani, maana kwa soko huria hili hata maji siku hizi yanavaa kofia na lebo. Wanakunywa nusu, wanasahau, wanafungua nyingine. Kwenye lebo kuna mlima wetu, umechorwa na mtu ambaye hajawahi kuuona, theluji imeshuka mpaka kwenye minazi.

Vyumba vya hoteli vilikuwa vya wakubwa. Sisi wachapaji jioni tulirudi makwetu. Mchana nachapa kwamba kila raia atapata maji safi karibu na mlango wake. Jioni nasimama Tandika kumsubiri mwenye mkokoteni, nanunua madumu mawili ya maji ya chumvi, naogea, halafu yale yale nadekia chumba.

Mkubwa wao ni bwana mmoja tunayemwita Mshauri, ameletwa na wafadhili. Ni Mtanzania mwenzetu lakini amekaa nje sana, na Kiswahili anakitema kama mbegu ya chungwa. Akifika kwenye neno "wadau" anafumba macho kama mchungaji anayetoa baraka. Ukimwuliza kisima kitachimbwa wapi anakuchorea mishale. Huyo ndiye aliyekuja kwetu Machame kiangazi kile kukagua mifongo, mifereji anavyoiita yeye, na wewe unamkumbuka vizuri kuliko mimi, maana ulimchezea mchezo.

Sasa sikiliza. Siku ya nne ya hiyo wiki nilipewa kiambatisho cha mkoa wetu nikichape. Ni jedwali refu, mifongo yote ya mlimani imepangwa kwa majina, na pembeni ya kila mmoja hukumu yake. Nikawa nachapa bila kuwaza, vidole vinakwenda vyenyewe, mpaka nikafika kwenye jina la babu. Pembeni yake wameandika: "Mfereji umekufa. Banio lifungwe kwa saruji. Maji yake yaingizwe kwenye bomba jipya la mjini."

Niliisoma mara tatu. Babu alichimba mfongo ule na wenzake kwa majembe ya mti, akapasua mwamba kwa moto na maji baridi, na leo ameandikwa marehemu mara ya pili, kwenye jedwali, katikati ya mifongo ambayo kweli ilikufa.

Nikaacha kiti nikamfuata Mshauri. Alikuwa anakula korosho.

"Samahani mzee, huu mfereji haujafa."

Hakuinua macho. "Nani anasema?"

"Mimi. Unapita nyumbani kwetu. Mama yangu anachota hapo kila asubuhi."

"Dada, sisi tulifika wenyewe. Tulitembea ndani yake na viatu. Vumbi tupu. Mzee mmoja mwenye koti lililochanika alituambia ulikufa zamani sana, nusura alie."

Mzee mmoja! Una miaka arobaini na minne, Anaeli.

Nikamwambia, "Labda siku ile ulikuwa umefungwa."

Hapo ndipo alipovua miwani. "Aliyefunga lazima alijua tunakuja. Ziara ile ilikuwa ya siri. Nani aliwaambia?"

Nikamjibu sijui. Nikarudi kwenye kompyuta, nikachapa "umekufa" kwa vidole vyangu hivi, herufi moja baada ya nyingine, nikaenda mstari uliofuata.

Namdharau bwana yule, na sababu ninazo. Kutoka pale aliposimama na wewe mpaka banioni, pale mfongo unapoyachukua maji mtoni, ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Angepanda, angeyakuta maji yote ya mfongo yanarudi mtoni kwa kelele, na magogo uliyozibia bado mabichi. Hakupanda kwa sababu njia ina matope ya maji hayo hayo na yeye alivaa viatu vya ngozi. Mtu anapanga maji ya taifa zima na hawezi kupanda kilima kuangalia maji yanatoka wapi. Kama angekuwa kijana wetu wa zamu ya kusafisha mfongo tungemtoza debe la pombe ya mbege na kumcheka mpaka Krismasi.

Lakini na wewe sikuachi. Bado ninayo barua uliyoniandikia ukijisifu. Ulifunga banio siku tatu. Ulichota majivu jikoni kwa mama, mama akidhani unapeleka kwenye migomba, ukayamwaga ndani ya mfongo yafanane na vumbi la miaka. Ulivaa koti la baba. Uliwaambia, "Wanangu, hapa maji tuliyasikia kwa hadithi tu." Wazee wa mfongo wakaapa mbele ya Mshauri kwamba ni kweli, kisha wakakaa barazani kwako wakanywa, wakasema Anaeli ana kichwa, serikali imekuja na daftari imerudi na daftari. Na watu wa bondeni, ambao zamu yao ya maji ilikuwa siku hizo hizo, mboga zao zikakauka, ukawaambia wavumilie, ni vita. Ujanja mwingi mbele kiza, kaka. Mlikuwa mnakwepa kulipia hati ya maji, sasa mmekwepa maji yenyewe.

Ningeishia hapo ningefurahi. Ningekwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nikafunga bahasha. Ila siwezi, na unajua kwa nini. Ziara ilikuwa ya siri na siri ilitoka kwenye meza yangu. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba wanakuja kuhesabu mifongo, na kwamba mfongo ukihesabiwa utalipiwa. Nilijiona mjanja wa mjini anayewaokoa watu wa nyumbani. Mshauri alikuwa mvivu na wewe ulikuwa mwenye kiburi, lakini mimi niliwakutanisha. Na nilipoulizwa, nikasema sijui. Katika watu wote ninaowadharau kwenye barua hii, yule dada aliyerudi kuchapa ndiye ninayemdharau zaidi.

Nimejaribu kujiambia kwamba ni karatasi tu, kwamba mipango mingapi imeandikwa nchi hii ikaishia kufungia maandazi. Safari hii sivyo. Mabomba ya mradi yameshashushwa bandarini, nimechapa mwenyewe barua ya kuyapokea. Wakiziba banio, maji hayatapita tena nyuma ya jiko la mama. Watamwambia akachote kwenye kioski kule chini barabarani, kushuka mteremko na kupanda, na nyonga ile. Migomba itanyauka kwanza, halafu kahawa iliyobaki, ingawa kahawa yenyewe kwa bei za wanunuzi hawa wapya sijui kama unaipalilia. Watu wa mjini wana haki ya maji, sikatai, wanakunywa kama sisi. Lakini wangeyagawa wakijua kwamba wanamnyang'anya mtu. Wanadhani wanarithi kwa maiti.

Sasa nakuja kwenye ninalolitaka. Kikao cha mwisho kitafanyika Moshi, Alhamisi hii inayokuja, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi ulio mkabala na geti la hospitali ya Mawenzi. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kupinga jedwali, ila aje na ushahidi. Baada ya hapo linapigwa chapa. Usidhani kwamba ukifungua maji na kuwapeleka wakayaone itatosha. Watasema umeyapindisha jana ili upate fidia, na Mshauri atafumba macho aseme "wadau". Wazee hawatasaidia pia; waliapa mbele yake kwamba mfongo ulikufa, leo waape kwamba umefufuka?

Ushahidi upo mmoja tu, nao unao wewe. Ni ile barua yangu ya kukuonya. Najua uliiweka kwenye Biblia ya baba, kwa sababu ndiko unakoweka kila kitu unachokiogopa. Ichukue pamoja na bahasha yake. Kama bahasha umeichana ukasokotea tumbaku, Mungu akusamehe, maana bahasha ndiyo yenye muhuri wa posta, na muhuri unaonyesha niliituma kabla ya ziara. Wape waisome. Wewe simama bila koti la baba, vaa shati lako la kanisani, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulifunga banio na ukamwaga majivu. Watakucheka. Wacha wakucheke, wewe uliwacheka kwanza.

Mimi nitakuwepo ukumbini. Wananipeleka kuchapa maazimio, nitakaa pembeni karibu na swichi ya taa. Wakiuliza mwandiko huu ni wa nani, usinitazame. Nitasimama mwenyewe. Najua kitakachofuata, ofisi haiwezi kuweka mchapaji anayetoa siri, hata mimi nisingemweka. Nitarudi nyumbani na mikono hii iliyolainika, na wewe utapata wa kumcheka shambani.

Sitaki ufike na pole zako wala maneno ya "mdogo wangu tutafute njia nyingine." Nimeitafuta siku kumi na moja. Wewe leta barua.

Nisalimie mke wako, shemeji yangu Ndeshi, mwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipata chenye rangi aliyoitaka. Msalimie shangazi mkubwa wa kule bondeni, ambaye mboga zake zilikauka kwa ajili ya ushujaa wako, na umwombe radhi ukiwa huko huko, sio kwa kutuma mtoto. Mzee wa kanisa mwambie kwaya ya huku wanaimba vizuri ila hawajui sauti ya nne. Anayekuletea barua hii ni mama wa ndizi, jirani yetu, aliyeshusha mzigo wake sokoni jana. Mpe bakuli la mtori, amesafiri.

Ndani ya barua utakuta jani la isale limefungwa fundo. Nimelikata kwenye bustani ya mbele ya ofisi yetu. Wameyapanda safu nzima, wanayamwagilia kwa mpira, wanadhani ni maua. Mlinzi aliniuliza la nini, nikamwambia la kupambia meza. Litakuwa limenyauka kidogo, lakini mama atalijua.

Mpe mkononi kabla hujamweleza lolote. Akishalipokea hataweza kukataa kusamehe, ndiyo desturi yetu, hata kama moyo haujataka. Kisha mwambie ukweli: mfongo wa baba mkwe wake niliuua mimi, wewe uliuzika tu, na Alhamisi tunakwenda kuufukua.

Mdogo wako,
Aikande