Uvimbe wa dada Gati

Tabu, soma hii sasa hivi. Niko na dada Gati hospitali hapa Musoma, majibu yametoka.

Kansa iko kwenye mapafu!!

Titi walilikata mwezi wa tatu, daktari akatuambia wametoa yote. YOTE, Tabu.

Leo anasema uvimbe mkubwa wakati mwingine unazuiaga vivimbe vidogo vilivyojificha visiote mishipa ya damu. Ukiutoa, vinapata damu, vinakua. Nikamwambia, "Kwa hiyo mmeviamsha nyie?" Akasema, "Tusingekata, sasa hivi mngekuwa mmeshamzika."

Unamkumbuka shangazi wa Butiama, mwaka 87 alipopasuliwa uvimbe, mpaka glavu za operesheni tulinunua wenyewe? Alipokufa, mama alilia kwamba kisu kimeuamsha ugonjwa. Sisi tukamcheka, eti ushamba.

Sasa wanataka kumchoma dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Daktari kasema wazi, "Kinga ikiamka inaweza kuiua kansa. Mara chache inaisaidia kuota mishipa. Siwezi kuahidi."

Nikasema twende kwanza nyumbani Kamunyonge tufikirie. Gati alikuwa ameshasaini.

Nimemuuliza haraka ya nini. Akasema, "Hapa tunaongea, vivimbe vyenyewe vinakua."